Nusu Herufi ya Mzee Barnabé

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumanne, mwanangu, na siwezi kuikosea kwa sababu Jumanne yenyewe ndiyo iliyokuwa na kesi. Dawa ya Mzee Barnabé ilikuwa ikifika kila Ijumaa bila shida, lakini Jumanne haifiki. Watu walianza kutania kwamba mzee na Jumanne wamegombana.

Kaa vizuri kwanza. Umenijia hapa Kibondo kuniaga, unasema wiki ijayo unaanza kazi ya kuandika programu, na umeniuliza kama nina neno la kukupa. Ninalo. Ila wanafunzi wangu wote wananijua, mimi sitoi neno mpaka nilizungushe kidogo, na wewe umekunywa chai yangu, kwa hiyo utanisikiliza.

Nilikuwa binti mdogo tu, nimetoka kwetu Munanila na cheti changu kipya, nimepata kazi ya fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya Kasulu. Fundi nilikuwa peke yangu. Maana yake kila chenye waya kilikuwa changu, hadi birika la chai la wauguzi. Nilikuwa na haraka sana siku hizo. Nikiona kitu kimekwama nataka kikwamuke hapo hapo, na kama hakikwamuki nakipiga kofi.

Sasa, zahanati ya kijiji cha Kagerankanda haikuwa na friji ya kutegemewa, kwa hiyo wagonjwa wa sukari wa kule hawakupewa insulini ya mwezi mzima. Ilipelekwa kidogo kidogo, Jumanne na Ijumaa, ndani ya kisanduku cha barafu, kwa gari la hospitali. Asubuhi ya siku hizo nesi wa Kagerankanda alituma ujumbe wa simu kwa kila mgonjwa: siku, jina, kipimo cha dawa, na dawa iwe baridi kiasi gani. Kule kwetu, ndani ya famasia, kulikuwa na kifaa kidogo chenye laini ya simu, kimeunganishwa na mashine ya kuchapa lebo. Kifaa kilisoma ujumbe, lebo ikatoka, Gervas mfamasia akaibandika kwenye pakiti, gari likaondoka. Pakiti bila lebo haikutoka mlangoni. Sharti hilo lilikuwa zuri, kwa sababu kumpa mtu insulini ya mwenzake ni kumuua.

Ubaya ni kwamba kifaa kilipokataa ujumbe hakikusema lolote. Kilikaa kimya, taa yake ya kijani inawaka kama kawaida. Nesi alipiga simu, "Mmemsahau mzee wangu tena," na Gervas alimjibu kwa kweli kabisa kwamba ujumbe wa mzee hakuuona. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na kila mmoja alimwona mwenzake mzembe.

Mzee Barnabé hakulalamika, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka kwa miguu akiwa kijana, akalima shamba la mahindi Kagerankanda mpaka akapewa uraia, na cheti chake cha uraia alikitia fremu akakitundika juu ya kitanda. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Dawa ya Jumanne isipofika, aliigawa ile ya Ijumaa. Alichoma nusu, akangoja. Siku moja akaanguka katikati ya mahindi yake. Walimleta Kasulu kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na jirani yake ili asidondoke.

Alipona, tunashukuru. Sukari ilitulia, akaanza kuwauliza wauguzi kama wamepalilia kwao. Lakini daktari alikataa kumruhusu.

"Mzee, siwezi kukurudisha mahali ambapo dawa leo inafika na kesho haifiki," alimwambia. "Ukianguka tena sidhani utafika hapa. Hamia mjini, kaa kwa binti yako."

Binti yake, Domitila, alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, analala humo na watoto wake na ndoo zake za vitumbua. Hakusema hapana, ila alitazama chini.

Mzee akavua kofia. "Daktari, mimi nilikimbia rimwe, mara moja katika maisha haya," alisema, taratibu. "Nilisema sitakimbia tena. Mama yake Domitila yuko kule peke yake, macho yake hayaoni. Nikihamia huku, nani atamshika mkono mpaka kisimani?"

Daktari akawa mkali, kwa sababu alikuwa anampenda. "Basi nionyesheni dawa inafika Jumanne kama Ijumaa. Nikiona, nasaini leo. Nisipoona, haendi."

Huo ndio mzigo uliotua kwangu, mwanangu. Ama kifaa kipone, ama yule mzee aachane na shamba lake na mke wake.

Gervas alikuwa na wazo. Alikuwa amegundua kitu, na hakukosea katika kukiona: jina la mzee lina alama juu ya herufi ya mwisho, ile waliyoachiwa Warundi na mapadri wa Kifaransa. "Hicho kikofia ndicho kinachosumbua mashine," aliniambia. "Mwambie nesi aandike Barnabe tupu, kazi iishe." Nikaona ni akili safi. Nikataka hata kumpigia nesi hapo hapo.

Gervas mwenyewe ndiye aliyesema tungoje kwanza, kwa sababu alikuwa ameshaomba msaada kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambini kule kulikuwa na mama mmoja Mkongo, Mama Sifa, aliyefundisha kompyuta kwenye chuo kule Uvira kabla ya vita kumtoa, na sasa alikuwa anawafundisha vijana wa kambi. Jina lake lilijulikana mpaka Makere. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha siku hiyo tu, na gari lililomleta lilikuwa linarudi alasiri.

Sijui ulikuwa unamtarajia mtu wa namna gani. Mimi nilitarajia mzee mpole wa sauti ya chini. Akaingia mama mnene, kitenge cha kung'aa kuanzia kichwani mpaka kwenye kifundo cha mguu, miwani inaning'inia kwa uzi, anaongea tangu getini, Kiswahili cha Kongo ambacho ndiyo yetu kwao ni njo.

"Bonjour ba hapa! Hii machine yenye kukataa bantu iko wapi?" Kisha akanitazama. "Ni weye fundi? Bon. Kuya hapa, binti. Leo utajifunza kitu."

Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijijua kuwa ni hodari, na hakuona sababu ya kujifanya hajui. Nilimpenda papo hapo, na ninampenda mpaka leo.

Gervas akamweleza wazo lake la kufuta alama. Mama Sifa akavaa miwani.

"Jina ya muzee, Jumanne na Ijumaa, ni ile ile moja?"

"Ile ile, mama."

"Na Ijumaa inapita?"

"Inapita."

"Sasa kama jina njo mubaya, Ijumaa inapita namna gani?"

Jambo lilikuwa mbele ya macho yetu wiki nzima na hatukuwa tumelisema. Mama Sifa hakutuacha tupumue. Alichukua boksi la insulini mezani, akaweka kidole kwenye maandishi ya baridi inayotakiwa, pale penye kale kaduara kadogo ka nyuzi za joto.

"Na haka, utakakata pia? Nesi anakaandika mu kila message. Mu tumbo ya machine, haka na ile é ya muzee ni ndugu. Leo unakata jina ya muntu, kesho utakata baridi ya dawa yake. Halafu kesho kutwa utakata nini?"

Gervas akacheka, akainua mikono. Alikuwa mtu mzuri, hakuwa na kiburi.

Halafu Mama Sifa akafanya jambo ambalo nimelifanya mimi mwenyewe mbele ya kila darasa nililofundisha. Hakugusa kompyuta. Aliona mfuko wa maharage ambao Gervas alikuwa ameununua sokoni asubuhi, akauomba, akamwaga fungu mezani, akaniambia nisogeze kiti.

Hapa nisikilize vizuri, ndiyo kazi yenyewe utakayoifanya. Unajua kwamba kompyuta huhifadhi maandishi kwa baiti. Herufi kama b au n hukaa ndani ya baiti moja. Lakini é, na kale kaduara, na herufi nyingi za dunia hii, haziingii kwenye baiti moja. Hupewa mbili, au tatu, au zaidi. Hizo ndizo tunaziita herufi za baiti nyingi. Ni namna nzuri ya kusafirisha maandishi kwa sababu haipotezi nafasi. Ila ukitaka kuhesabu herufi ngapi zinaenea kwenye lebo nyembamba, zinakusumbua, kwa sababu baiti na herufi si hesabu moja. Kwa hiyo katika lugha ya programu iitwayo C unazigeuza kwanza kuwa herufi pana, yaani kila herufi, kubwa kwa ndogo, inapewa chumba chake kimoja kinacholingana na cha wenzake. Ukishamaliza kupima unazigeuza tena zirudi zilivyokuwa. Programu ya kifaa chetu ilifanya hivyo hasa, na kijana aliyeiandika, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa ameiandika vizuri sehemu kubwa.

Mama Sifa akapanga maharage mstari mmoja, kila baiti punje moja. Saba za Jumanne. Moja ya nafasi. Sita za Barnab. Halafu mbili zilizokaa karibu karibu, akazigusa kwa ukucha: "Hii na hii, pamoja, njo é."

"Sasa fungua code. Machine inasoma message yote mara moja, ao kiganja kiganja?"

Nikafungua. Kilikuwa kinasoma kiganja kiganja. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo mwandishi wa programu alikipa chombo cha baiti kumi na sita, akasoma, akageuza, akasoma tena.

"Kumi na sita zote ni za message?"

Hapo nilijibu haraka, ndiyo. Alinitazama juu ya miwani, akangoja. Alijua kungoja yule mama. Nikasoma upya mstari ule, nikakumbuka kuwa C huweka sufuri mwishoni mwa maandishi ili ijue yameisha, na sufuri hiyo nayo inataka nafasi. "Kumi na tano," nilisema.

Akahesabu punje kumi na tano kutoka mwanzo, akashusha ubavu wa kiganja chake mezani kama kisu. Kiganja kikaangukia katikati ya zile punje mbili za é. Moja huku, moja kule.

Kisha akakirudisha kiganja, akaondoa punje moja kwenye Jumanne, akaniambia, "Ijumaa iko na herufi sita." Akahesabu tena kumi na tano. Safari hii punje zote mbili zilibaki upande mmoja.

Gervas alisema, "Aisee," akakaa chini. Domitila, ambaye alikuwa ameingia na vitumbua na hakuna aliyemwona, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si baba yangu aliyefanya kosa?" Alikuwa amebeba hilo muda wote, kwamba labda jina la baba yake ndilo lililomwangusha. Mama Sifa akageuka na kumwambia, kwa upole ambao hakuwa ameutumia kwetu, "Hapana, mama. Jina ya papa yako iko sawa kabisa."

Akasogea kwenye kompyuta. Kwanza alitazama kama programu imeambiwa mwanzoni itumie taratibu za lugha na maandishi za mashine yenyewe, ule mstari wa setlocale. Programu ya C ikizaliwa haijui é wala kaduara mpaka uiambie, na wengi husahau. Mstari ulikuwepo. Akamsifu yule kijana asiyemjua, "Alifanya muzuri." Kisha akashuka mpaka mahali pa kugeuza herufi, akapiga meza kwa kidole.

"Iko hapa."

Programu ilitumia njia ya zamani ya kugeuza, ambayo hujibu "mbaya" kwa mambo mawili tofauti kabisa. Ukiipa baiti iliyooza, hujibu mbaya. Ukiipa baiti nzima na safi, ila mwenzake bado hajafika, hujibu mbaya vilevile. Na programu ikisikia mbaya ilikuwa inautupa ujumbe wote, jina, kipimo, kila kitu, na kuendelea na mgonjwa anayefuata. Mama Sifa aliinua ile punje ya kwanza ya é, akanionyesha.

"Angalia hii. Haijaoza. Haikuvunjika. Iko mu njia, mwenzake anakuya nyuma. Machine imemufukuza mugeni sababu bibi yake bado yuko nyuma, anafunga mulango ya nyumba."

Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia. Lakini mimi nilicheka huku nikimfikiria yule mzee anavyochoma nusu na kungoja.

Ipo njia nyingine, na C inayo siku zote. Inaitwa mbrtowc. Hiyo hutofautisha. Kwa baiti iliyooza ina jibu lake, na kwa baiti ambayo haijakamilika ina jibu jingine. Tena hubeba kumbukumbu ndogo ya mahali ilipoishia, ili kiganja kinachofuata kikifika iunganishe nusu na nusu. Mama Sifa alinisogezea kibodi. "Andika weye. Mimi naenda saa tisa, weye njo unabaki na machine."

Nikaandika kwa kasi, vidole vinaruka. Nikajaribu ujumbe wa Jumanne. Lebo haikutoka. Nikajaribu tena. Haikutoka. Nikainua mkono kukipiga kifaa, na yule mama akaushika mkono wangu hewani.

"Umeweka kumbukumbu wapi?"

Nilikuwa nimeiweka ndani ya mzunguko, pale pale kwenye kusoma. Kila kiganja kipya kilipoingia, kumbukumbu ilizaliwa upya, tupu.

"Binti," alisema, na hapo hakuwa anatania, "umemupa muntu kazi ya kukumbuka, kisha unamufuta kichwa kila akivuta pumuzi. Unaandika mbio sana. Unataka kumaliza. Ile muzee hataki weye umalize, anataka dawa ifike. Acha mikono ipumuzike, soma kwanza."

Sijakemewa vizuri namna ile tena katika maisha yangu. Hakunidhalilisha, hakupaza sauti, na alisema mambo yaliyo sawa moja kwa moja. Nikaisogeza kumbukumbu nje ya mzunguko. Nikasoma tangu juu mpaka chini bila kugusa kitu. Kisha nikajaribu. Mashine ikaguna, lebo ikatoka taratibu, na jina lilikuwa juu yake na alama yake, Barnabé.

Mimi ningeishia hapo. Ningekimbia na lebo wodini nikipiga vigelegele. Mama Sifa akasema, "Bado," na huu ndio uhodari ninaotaka uuone, mwanangu, kwa sababu kutengeneza kulimchukua muda mfupi kuliko kuhakikisha. Aliniambia nipunguze chombo mpaka kisome baiti moja moja, ili kila é na kila kaduara kikatwe katikati bila kukosa. Tukajaribu ujumbe wote hivyo. Ukapita. Akaniambia niharibu ujumbe makusudi, nitie baiti iliyooza kweli. Programu ikautupa, kimya, kama ilivyozoea.

"Hii njo iliangusha muzee," alisema. "Kukosa kunaweza kupata kila muntu. Kunyamaza njo mubaya. Ikikosa, ipige kelele."

Basi tukaandika kwamba baiti ikiwa imeoza, mashine ichape lebo yenye maneno makubwa, ANGALIA UJUMBE HUU, pamoja na namba ya simu iliyoutuma, ili mtu mwenye macho ausome. Na ujumbe ukiisha wakati nusu ya herufi bado inangoja mwenzake, ichape vilevile. Ingoje, ndiyo, ila isingoje milele. Gervas aliishika lebo ya majaribio akaitazama muda mrefu. Alikuwa anafikiria Jumanne zote ambazo taa ya kijani ilimdanganya.

Daktari alikuja saa nane na kitu, mikono mfukoni, haamini mtu. Mama Sifa hakumpa maelezo. Alimpa simu. "Tuma weye mwenyewe. Andika siku yenye unataka." Daktari akatuma kwa Jumanne. Lebo ikatoka. Kwa Ijumaa. Kwa Jumamosi, siku ambayo hata hatupeleki dawa. Akaongeza jina la ukoo la mzee, akaongeza la kijiji, akaandika alama za ajabu ajabu kama mtoto aliyepewa kalamu. Zilizo safi zilitoka, na moja aliyoiharibu makusudi ilitoka na onyo lake. Mwishowe akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile, akasema, "Nileteeni faili la mzee."

Honi ya gari la Nyarugusu ikalia nje. Mama Sifa akakusanya maharage punje kwa punje akamrudishia Gervas, akavua miwani, akajifunga kitenge upya. Nilimfuata mpaka getini. Nikasema tu asante, mama.

"Asante ni sawa," alijibu. "Lakini wakiuliza nani alitengeneza, usiseme machine ilipona yenyewe. Sema ni Sifa, na fundi wa Munanila. Muntu akifanya kazi muzuri, jina yake itajwe." Akapanda gari, bado anaongea na dereva kuhusu breki zake.

Nilimtembelea kambini mara nyingi baada ya pale, kila nilipopata nafasi. Nilimkuta anafundisha vijana wengi kwenye mashine chache, ukuta wa udongo, chaki mkononi, na wote wanaandika polepole. Wengine wamekuwa mafundi wakubwa. Wengi wa hao ukiwasikia wakisema "bado" kabla ya kusema "tayari", ujue wametoka mikononi mwake.

Mzee Barnabé aliondoka kesho yake asubuhi, ameshika fimbo, Domitila akimbebea mfuko mpaka stendi. Jumanne iliyofuata sikufanya kazi nyingine yoyote. Nilikaa famasia tangu asubuhi kama mtu aliyefiwa. Lebo ilitoka, Gervas akabandika, gari likaenda. Mchana simu ililia, nesi wa Kagerankanda anasema pakiti imefika, halafu akasema subiri, kuna mtu anataka kuongea. Upepo ukavuma kwenye simu. Kisha sauti ya mzee.

"Murakoze," alinishukuru kwa Kirundi. "Nimechoma nzima leo. Si nusu. Sasa naenda kumshika mama mkono, anataka maji."

Akakata. Nilitoka nje nikalia, nyuma ya jengo la jiko, na sioni aibu kukwambia.

Sasa neno langu ndilo hili, na usiseme sikukuambia. Huko uendako watakupa kazi na watakuhimiza. Utaletewa vitu vilivyofika nusu, iwe ni baiti, iwe ni habari, iwe ni mtu anayehangaika na Kiswahili kwa sababu nyumbani kwao ni Kiha au Kirundi, na sentensi yake bado haijaisha. Usiwahi kumhesabu aliyechelewa pamoja na aliyeharibika. Jifunze kuwapa majibu mawili tofauti, na jibu la "ngoja" ulitunze mahali ambapo halitafutika kila unapovuta pumzi. Kitu kikiwa kibaya kweli, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana umeshindwa, piga kelele ili mwenye macho aje aone. Na usikate jina la mtu ili mashine yako ipumzike. Mashine ndiyo iliyoajiriwa, mtu hakuajiriwa kuitumikia. Halafu ukiona imefanya kazi mara moja, jizuie kukimbia. Ikate katikati wewe mwenyewe kabla maisha hayajaikata, maana kuna mahali mtu amekaa na sindano mkononi anaamua achome nusu au nzima, na wewe hutamwona.

Na ukikuta mtu hodari kama yule mama, mheshimu mbele za watu wakati bado yupo, usingoje hotuba za msibani.

Basi simama, gari lako lisikuache. Mungu akupe mikono myepesi na subira nzito. Kazi yako iwafikie watu usiowajua, ikiwa nzima. Popote watakapokukaribisha, wakusikilize mpaka umalize kusema. Imana ikuhezagire, Mungu akubariki, mwanangu. Nenda.